Nilisema "haiyeyuki"

Wiki ya tatu ya TP, nikiwa Kitendaguro, niliwadanganya wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Sikukusudia, na hakuna aliyeniripoti. Kwenye andalio la somo kila kitu kilikuwa sawa. Nikiamua kunyamaza, ninyi mnaosoma jarida hili msingejua. Lakini mwezi wa saba wengi wetu tunarudi tena shuleni kufundisha, na wengine mnapangiwa mialo ya ziwani na maeneo ya machimbo. Kosa lile lile linawasubiri huko, maana nimelitoa humu humu chuoni, kwenye daftari langu la mwaka wa pili.

Kwanza Kitendaguro, kwa wasiopafahamu. Ni kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba, Kagera. Mama yangu mdogo anaishi huko, kwa hiyo nilipopangiwa shule ya jirani nilishukuru Mungu: kodi hakuna, na ndizi za jioni uhakika. Nafundisha Kemia na Jiografia. Mada ilikuwa kabonati, na kwa vitendo tulikuwa na kichupa cha unga mweupe ambao wenzangu wa sayansi mmeshaujua kabla sijautaja: kabonati ya risasi.

Ukiupasha moto unakuwa wa rangi ya kahawia yenye wekundu, ukipoa unabaki wa manjano, na gesi inayotoka inayatia maji ya chokaa ukungu. Ukiutia kwenye asidi ya nitriki unachemka na kuisha. Ukiutia kwenye asidi hidrokloriki unachemka kidogo kisha unanyamaza, kwa sababu kloridi ya risasi inatengeneza ganda juu yake. Mmiminiko ule wa nitriki ukiongezewa iodidi ya potasiamu, unapata rangi ya njano kali ambayo darasa zima hupiga makofi. Ni jaribio tamu kwa kweli. Kwenye mitihani ya vitendo linatokea sana, ndiyo maana tunalifundisha kwa kukaririsha hatua: nyeupe, kahawia, njano, risasi. Andika, kaa chini.

Kwenye sifa nikaandika ubaoni kwamba kabonati ya risasi ni "insoluble". Kwa kuwa nyuso zilikuwa zimenuna, nikatafsiri: haiyeyuki.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama haiyeyuki, mbona kaka yangu anaiyeyusha kila Jumamosi?"

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Ikabidi aeleze. Baba yake ni mvuvi. Kaka yake anachukua betri kuukuu za magari, anazivunja, anatoa zile sahani za ndani, anaziweka kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa nyuma ya nyumba, anamimina kwenye vifereji alivyochimba kwenye udongo. Zikipoa anazikata vipande na kuvikunja kwenye kamba ya chini ya wavu ili wavu uzame. Watu wa pwani kitu hicho kwenye mshipi wanakiita chubwi. Yule kijana aliita tu risasi za nyavu. Za zamani, akasema, zinaota unga mweupe kama huu huu wa kwenye kichupa. Halafu akauliza swali lililonipata: "Huo unga una madhara? Maana sisi tunazibana kwa meno."

Nikamjibu bila hata kufikiri. Nikasema risasi yenyewe ni sumu, ndiyo, ila ule unga ni kabonati, na kabonati ya risasi, kama tulivyoona, haiyeyuki kwenye maji, na hata kwenye asidi ya chumvi inagoma. Kwa hiyo inapita tu. Kengele ikalia.

Majibu kama haya ndiyo yanayopendwa. Yamepangika, yanatumia somo la siku, yanamrudisha mwanafunzi kwenye mada. Mkufunzi aliyekuja kunikagua wiki iliyofuata angeniwekea alama nzuri kwa "kuhusisha somo na mazingira". Tatizo ni moja tu, kwamba jibu lilikuwa la uongo na lingeweza kumdhuru mtu.

Tuanze na neno, kwa sababu lugha ndiyo iliyofungua mlango. Kwa Kiswahili cha kila siku barafu inayeyuka na sukari pia inayeyuka. Kitu kimoja kimepata joto, kingine kimeingia kwenye maji, lakini kitenzi ni kile kile. Yule kijana alisikia vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyesema ovyo. Kumbe Kiswahili kina neno la pili, tena zuri kuliko la Kiingereza: kumumunyika. Linatokana na kumumunya, kile unachofanya na pipi mdomoni. Ningesema "hii kitu haimumunyiki kwenye maji", darasa lingejiuliza lenyewe: je, mdomoni? Je, tumboni? Swali lingekuwa limo ndani ya neno. Najua sera inasema sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na najua pia kwamba hakuna mwalimu Tanzania nzima anayemaliza kipindi bila kutafsiri. Basi tukitafsiri, tutafsiri sawasawa.

Usiku ule nilianza kusoma ili nipate cha kumwambia zaidi kuhusu ule unga, na ndipo nilipokutana na serusiti.

Serusiti ni kabonati ya risasi kama inavyotokea yenyewe ardhini. Jina linatokana na neno la Kilatini la rangi nyeupe ya risasi, na aliyelipa umbo la sasa ni Haidinger, mwaka 1845. Sisi tunaijua kama vumbi kwenye kichupa, kwa hiyo picha zake zilinishangaza. Fuwele zake ni angavu kama kioo, zinang'aa kama almasi, na kwa kuutawanya mwanga katika rangi zake inaizidi hata almasi yenyewe. Mara nyingi fuwele mbili tatu huota zikiwa zimeingiliana, zikatengeneza nyota zenye miale sita au wavu wa vijiti. Lakini hakuna anayetengeneza pete nayo kwa maana. Ni laini, sarafu ya shaba inakaribia kuikwaruza, na inavunjika kwa urahisi. Halafu ni nzito kupita macho yanavyotarajia: ujazo wa lita moja ungekuwa na kilo sita na nusu, wakati jiwe la kawaida la ujazo huo lina kilo mbili na nusu hivi. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni risasi, asilimia 77 na nusu.

Wanaiita madini ya daraja la pili. Haimaanishi kwamba ni hafifu. Maana yake haikuzaliwa pamoja na mwamba. Kwanza inakuwepo galena, yaani risasi na salfa, kijivu, inang'aa kama chuma kipya, inavunjika vipande vya mraba. Mwamba ukikaribia juu ya ardhi, maji ya mvua na hewa vinaanza kuila. Salfa inageuka salfeti, na unapata anglesiti. Maji yenye kabonidayoksaidi yakiendelea kupita, anglesiti inageuka serusiti. Ndiyo maana wachimbaji wa risasi hukutana na serusiti juu na galena chini. Risasi ya wavu inapokaa hewani na kwenye unyevu nayo inapita njia inayofanana na hiyo: inaota ganda jeupe la kabonati, nyingine ikiwa imechanganyika na haidroksidi. Kwa hiyo yule kijana alikuwa sahihi, kwao kuna serusiti kwenye kamba ya wavu. Na mimi nilikuwa nimewaambia, dakika ishirini kabla, kwamba madini ya risasi Kagera hayapo, sisi tuna bati la Kyerwa na nikeli ya Kabanga kule Ngara.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kugombana na namna tunavyofundishwa upangaji wa madini. Sisi tunapewa jedwali. Safu ya kwanza jina, ya pili fomula, ya tatu kundi. Serusiti, kabonati. Galena, salfidi. Kasiteriti, oksidi. Mtihani unauliza "taja", unataja. Hakuna siku tuliyoulizwa kwa nini serusiti imewekwa pamoja na chokaa na siyo pamoja na galena, wakati serusiti na galena zote zimejaa risasi na zinachimbwa shimo moja.

Wanaosoma Kiswahili watanielewa haraka. Zamani ngeli zilipangwa kwa kutazama viambishi vya mwanzo. Neno "kijana" lina ki-, basi liende na kiti na kisu. Lakini hakuna anayesema "kijana kimekuja". Tunasema kijana amekuja, kwa hiyo kwa upatanisho anakaa na mtu na mtoto. Neno linajulikana kwa tabia yake ndani ya sentensi, sura si hoja. Madini nayo yalipitia ugomvi huo huo. Mmarekani James Dwight Dana, kwenye kitabu chake cha 1837, aliyapanga madini kama mimea na wanyama, akayapa majina mawili mawili ya Kilatini. Baadaye, kufikia miaka ya 1850, yeye mwenyewe aliachana na mpango huo akafuata kemia: kinacholiweka madini kwenye kundi ni ile sehemu hasi, salfidi, oksidi, kabonati, salfeti, kwa sababu hiyo ndiyo inayotawala tabia. Galena na serusiti zina chuma kimoja lakini hazifanani kwa rangi, kwa mng'ao wala kwa jinsi zinavyoitikia asidi. Serusiti ukiitilia asidi inatoa povu kama chokaa. Ndugu zake ni hao.

Na undugu una daraja zaidi. Ndani ya kabonati kuna ukoo wa kalsaiti na ukoo wa aragoniti. Ioni ndogo kama za magnesiamu, chuma na zinki zinajipanga kwa mtindo wa kalsaiti. Ioni kubwa, strontiamu, bariamu, risasi, zinajipanga kwa mtindo wa aragoniti. Kalsiamu iko katikati kwa ukubwa, kwa hiyo inaweza kwenda koo zote mbili. Nikiwa nasoma hapo nikainuka nikaenda nje. Pembeni mwa mlango wa mama mdogo kuna makombe ya konokono ambayo watoto wake wameyaokota ufukweni. Makombe ya konokono kwa sehemu kubwa ni aragoniti. Matumbawe yanayochomwa chokaa kule Unguja na Kilwa ni aragoniti. Serusiti ina mpangilio ule ule, ila pale pangekuwa na kalsiamu pamekaa risasi.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho polepole, kwa sababu mimi niliisoma mara tatu. Pale pangekuwa na kalsiamu pamekaa risasi. Mwili wa mtoto unajenga mifupa na meno kwa kalsiamu. Risasi ikiingia kwenye damu, mwili unaichukulia kama kalsiamu, unaihifadhi kwenye mifupa, na inaweza kukaa humo miaka mingi; kwenye ubongo inaingilia kazi ambazo kalsiamu ingezifanya. Mtoto mdogo ananyonya risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Yaani ule undugu nilioukariri kama safu ya tatu ya jedwali ndio huo huo unaoifanya iwe sumu. Si bahati mbaya mbili tofauti. Na hakuna mtu aliyewahi kuniambia, au aliniambia nikaona haimo kwenye mtihani.

Bado kulikuwa na hoja yangu ya kwamba haimumunyiki. Kwenye maji safi ni kweli, karibu haimumunyiki kabisa. Lakini tumbo si bika la maji. Tumbo lina asidi, na kabonati huliwa na asidi, ndiyo tabia ya ukoo mzima. Utasema: asidi ya tumbo ni hidrokloriki, na si tuliona maabara kwamba inatengeneza ganda na kugoma? Tuliona, kwa sababu tulitia kijiko kizima cha unga kwenye asidi kidogo ya baridi. Kloridi ya risasi nayo inamumunyika, ila kidogo. Ukiwa na chembe chache za unga kwenye tumbo lenye majimaji mengi na joto la mwili, hicho kidogo kinatosha kuzichukua zote. Tofauti ni ya kiasi. Maabara tulikuwa tunatafuta jibu la mtihani. Tumboni hakuna mtihani. Cha kushangaza, galena, ile inayotisha kwa uzito na mng'ao, inaliwa na tumbo kwa shida zaidi kuliko huu unga mpole mweupe.

Kuna mahali jambo hili lilijulikana kwa gharama ambayo sipendi hata kuiandika. Mwaka 2010, jimbo la Zamfara, kaskazini magharibi mwa Nigeria, watu wa vijijini walikuwa wanachimba dhahabu kwa mikono na kusaga mawe majumbani, mengine kwa mashine za kusagia nafaka. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Wataalamu walipochunguza, waligundua kwamba sehemu ya galena ndani ya yale mawe ilikuwa imeshageuka kabonati kwa hewa na maji, na hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kumumunyika matumboni. Madini ya daraja la pili. Mtu akinieleza sasa kwamba upangaji wa madini ni mada kavu, nitamwelekeza huko.

Karibu na sisi ipo Kabwe, Zambia, ambako ukipanda TAZARA ukashuka mwisho wa reli Kapiri Mposhi unakuwa umebakiza safari fupi tu. Mgodi wa Kabwe uligunduliwa 1902 ukafungwa 1994, na serusiti ilikuwa sehemu ya utajiri wake. Jiografia na Historia tunalikumbuka kwa fuvu la binadamu wa kale lililopatikana humo 1921. Watoto wa Kabwe wa leo wanalijua kwa vumbi la mabaki ya mgodi, ambalo wamekuwa wakilivuta na kulila na ambalo bado lipo. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, haukuwa hata mgodi. Kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aligundua mtoto wake mwenyewe ana risasi kwenye damu. Alipigana hadi akatunukiwa tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri kuukuu, tafadhali zingatia. Kile kile kinachofanyika nyuma ya nyumba ya mwanafunzi wangu, tena jikoni mwa familia, bila bomba la moshi wala glovu.

Na hapa nyumbani wenzetu wa Katavi wanajua kwamba reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda haikujengwa kwa ajili ya abiria. Wakoloni waliijenga kufuata risasi ya Mpanda. Mgodi umeshafungwa zamani, reli imebaki inabeba watu na mahindi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu bado wapo kule, kwenye mkoa ambao dhahabu na galena zinapatikana katika ukanda mmoja. Kila mara tunapozungumzia afya yao tunataja zebaki. Ni sawa kuitaja. Ila mwalimu wa Kemia wa Mpanda ana sababu ya kuuliza na swali la pili.

Wapo watakaosema, na rafiki yangu wa chumba ameshasema, kwamba mimi nataka mwalimu awe daktari, mwanajiolojia na bwana afya kwa mshahara mmoja. Silabasi ni ndefu, vipindi ni vichache, darasa lina watu wengi, mtihani unakuja. Hoja yake ina uzito na siipuuzi. Kidato changu kilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini na vichupa vinne. Lakini sisemi tuongeze mada. Nasema mada ile ile ifundishwe kwa sababu zake. Muda nilioutumia kuwakaririsha nyeupe-kahawia-njano ungetosha kuwauliza kwa nini risasi iko ukoo mmoja na kombe la konokono. Kombe la konokono halihitaji bajeti. Likamulie limau utaona povu. Kipande cha risasi ya wavu na kipande cha lile jiwe la mchanga la Bukoba vyenye ukubwa sawa, mpe mtoto avishike mkono huu na huu akiwa amevaa mfuko wa plastiki, uzito atauelewa bila fomula. Tangu tetemeko la Septemba 2016 watoto wa Bukoba hawahitaji kushawishiwa kwamba mambo ya ardhini yanawahusu. Wengine walisomea kwenye mahema.

Nina lawama pia kwa idara yetu, niseme kwa heshima. Katika miaka mitatu nimefundishwa namna ya kuandika malengo mahususi, namna ya kupanga ubao, namna ya kutumia zana. Sijawahi kufundishwa la kufanya mwanafunzi anapouliza swali ambalo jibu lake silijui na darasa zima linanitazama. Kwenye fomu ya ukaguzi wa TP kuna alama za kujiamini. Hakuna alama za kusema "sijui, nitakuletea jibu Alhamisi". Mimi nilijiamini, na sijui kama kuna mtu amepoteza alama kwa kujiamini.

Nilichofanya ni hiki. Kipindi kilichofuata nilianza kwa kusema nilikosea. Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia darasani. Mmoja wa mbele akaacha hata kuandika tarehe. Nikafuta neno haiyeyuki, nikaandika haimumunyiki kwenye maji, inamumunyika kwenye asidi, na chini yake nikachora tumbo, mchoro mbaya kweli kweli. Nikawaambia risasi za nyavu zisibanwe kwa meno, koleo lipo. Wasikwangue ule unga mkavu, wafute kwa kitambaa kibichi. Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Betri zisivunjwe wala kuyeyushwa nyumbani, hasa penye watoto wadogo na mama wajawazito, na sufuria ile isirudi jikoni kamwe. Wavuvi wengine wanatumia mawe kuzamisha nyavu, na dagaa wanavuliwa vile vile.

Baada ya kipindi nikamwomba yule kijana anipeleke kwao. Hilo halikuwa kwenye andalio la somo, na niliogopa kidogo: mtoto wa mjini, mgeni, miaka ishirini na miwili, ninakwenda kumwambia mvuvi mtu mzima namna ya kufanya kazi yake. Baba alinipokea vizuri, "Karibu, waitu mwalimu", nikapewa kiti na kahawa ya kutafuna. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema yeye ametafuna risasi tangu akiwa kijana na yuko mzima. Sikuwa na la kumjibu kuhusu yeye. Nikamwambia shida kubwa ni wadogo, na nikamwonyesha binti yake wa miaka kama mitatu aliyekuwa amekaa chini karibu na lile jiko, mkono mmoja mdomoni. Akamtazama muda. Akamwita mkewe amchukue mtoto akamnawishe.

Kuhusu betri hakuniahidi. Alisema risasi ya dukani ni bei, na mawe yanachana nyavu za bei kubwa. Ni kweli, nilikwenda mwalo wa Nyamukazi kuuliza na wengine waliniambia hivyo hivyo. Tulichokubaliana ni kwamba jiko litahama kutoka nyuma ya nyumba, litakwenda mbali na watoto, na wasivunje betri mahali pa kuchezea. Nilipoondoka Kitendaguro wiki ya nane lilikuwa limehama. Kijana aliniambia kaka amenunua koleo la mitumba sokoni.

Alinipa na kipande kimoja cha risasi ya zamani, cheupe chote, nikakifunga kwenye mifuko miwili na kukitia kwenye kopo lenye kifuniko. Liko kwenye rafu ya chumba chetu hapa hosteli, nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu. Atakayepangiwa shule ya ziwani mwezi wa saba na akataka kulitumia kwenye somo, aje achukue. Asilifungue.